Land Rover 109 inazima katikati ya Kitonga: usinunue kabureta bado

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109, Series III ya petroli ya mwaka 1976, aliyoniachia marehemu baba. Kabureta yake ni Zenith. Asubuhi inawaka vizuri, na kwenye tambarare haina neno. Shida ni mlima wa Kitonga. Nikitoka Ruaha Mbuyuni na magunia machache ya vitunguu, katikati ya mlima inaanza kushtuka-shtuka, inakosa nguvu, halafu inazima. Nikikaa dakika 20 inawaka kama si yenyewe, nakwenda kidogo, inazima tena. Fundi wetu ameshafungua kabureta mara tatu na kubadilisha ripea kiti (gasketi na vipuri vyake vidogo), haikusaidia. Tangu mara ile ya tatu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga resi) inapanda na kushuka, na gari linanuka petroli. Sasa anasema ninunue kabureta mpya. Nifanyeje? (Mwalimu, Ilula)

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mungu amrehemu mzee. Fedha ya kabureta iweke mfukoni kwanza. Nimeisoma barua yako mara mbili na ninachokiona ni magonjwa mawili. Wa kwanza ni huo wa mlimani, na kwa maelezo yako sidhani kama umo ndani ya kabureta. Wa pili ni huu wa sailensa na harufu ya petroli, na huo haukuwepo mwanzo. Umeletwa na bisibisi. Kabureta imefunguliwa mara tatu kutafuta kitu ambacho huenda hakikuwemo, na katika kufunguliwa imeumizwa.

Tuanze na wa mlimani. Kwenye tambarare uko gia ya nne, mguu umegusa resi kidogo, injini yako ya cc 2,286 inakunywa taratibu. Kitonga ni habari nyingine: gia ya pili, pengine ya kwanza, resi imekaribia sakafu na mzigo uko nyuma. Hapo injini inataka mafuta mara kadhaa ya yale ya tambarare. Kabureta ina kibakuli kidogo cha akiba, na ndani yake boya linaloelea juu ya petroli. Petroli ikipungua boya linashuka, nidili (sindano inayofunga njia ya petroli) inafunguka, pampu inajaza. Sasa kama kuna kitu kinachopunguza mtiririko kati ya tangi na kabureta, kwenye tambarare hutakijua kamwe, kwa sababu kinachopita kinatosha. Mlimani kibakuli kinatumika haraka kuliko kinavyojazwa. Dakika chache zikipita kinakaribia kukauka, na huko kushtuka-shtuka unakokusikia ndiyo injini inayovuta hewa na matone. Ukisimama, petroli inajikusanya tena, unawasha, unakwenda kidogo, hadithi inaanza upya.

Hiyo ndiyo dhana yangu ya kwanza. Lakini koili (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi) iliyochoka nayo hufanya vilevile: ikipata joto inakata moto, ikipoa inarudi. Mafundi wengi hubahatisha hapa, leo kabureta, kesho koili, keshokutwa pampu, na mwenye gari ndiye anayelipia kila kubahatisha. Gari lenyewe liko tayari kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili, ila linasema kwa dakika moja tu, pale pale linapozima. Ukilikokota mpaka gereji, limeshapoa na ushahidi umepotea.

Kwa hiyo safari ijayo likizima, fanya hivi. Litoe kabisa barabarani, maana unajua malori ya pale. Weka pembe tatu mbali nyuma, na weka mawe nyuma ya magurudumu, kwa sababu breki ya mkono ya Land Rover hizi inashika shafti na si magurudumu yenyewe, na gari linaweza kuyumba nayo. Zima swichi. Usipige starta hata mara moja. Fungua boneti, legeza klampu ya kile kiwiko kinacholeta hewa kutoka kwenye chujio la hewa, kiondoe, uchungulie ndani ya koo la kabureta. Ubavuni mwa kabureta kuna mkono unaovutwa na resi. Usukume kwa kidole, haraka, mpaka mwisho.

Unachotafuta ni mrusho. Kuna kijibomba chembamba kinachochungulia kooni, na kila resi inapofunguliwa ghafla pampu ndogo ya kabureta hurusha petroli kupitia hapo, mstari mwembamba ulionyooka, kama nesi anapoijaribu sindano kabla ya kukuchoma. Fanya mara mbili tu, ukizidisha utailowesha injini. Mrusho ukitoka imara mara zote mbili, kibakuli kina petroli, na injini haikufa kwa kiu. Likitoka tone moja au hewa tupu, kibakuli kimekauka.

Kabla ya safari, jaribu hili nyumbani asubuhi injini ikiwa imezimwa na gari lina afya. Pampu ile ndogo ina dayaframu yake (utando unaosukuma petroli), na ikiwa imepasuka hutaona mrusho hata kibakuli kikiwa kimejaa. Ukishaona nyumbani unavyotakiwa kuwa, mlimani hutadanganyika. Na tafadhali, beba kizima moto cha unga, pasiwe na sigara karibu, na mtu asiinamie koo la kabureta wakati mwingine anapiga starta. Injini ikitema moto kwa juu, uso ndio unaoupokea.

Tuseme mrusho upo na gari halitaki kuwaka. Basi achana na petroli, tafuta moto wa plagi. Kwanza rudisha kiwiko cha hewa mahali pake. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi mmoja, igusishe vizuri kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mwenzako apige starta. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Cheche nyekundu na dhaifu, au kutokuwepo kabisa, itakupeleka kwenye koili, kondensa na pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili). Ukibadilisha pointi, nafasi yake kwenye injini hii ni milimita 0.35 hadi 0.40. Nafupisha hapa kwa sababu sioni dalili kubwa upande huo. Koili inayokata moto kwa joto kwa kawaida inazima ghafla kama umezima swichi. Wewe unasema gari linashtuka-shtuka na kukosa nguvu kwanza. Hiyo ni njaa ya mafuta.

Tuseme basi kibakuli ni kikavu. Sasa tunarudi nyuma kufuata petroli hatua kwa hatua, na mwanzo wake ni kitu ambacho hakina gharama: mfuniko wa tangi. Tangi likitoa petroli lazima liingize hewa, na kama tundu la hewa limeziba, ndani kunabaki mvuto unaoshindana na pampu. Ukiwa pale pale mlimani, fungua mfuniko ukiwa umetega sikio. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likawaka mara moja bila kusubiri zile dakika 20, umemaliza kazi. Safisha tundu au tafuta mfuniko sahihi. Nimeona mifuniko ya kuchongesha mtaani isiyo na tundu lolote.

Pili, angalia ile glasi chini ya pampu ya mafuta, ubavuni mwa injini. Waingereza walifanya jambo la maana kuweka glasi pale, maana inakuonyesha yanayopita. Likizima mlimani, je, glasi imejaa au nusu ni hewa? Ikiwa nusu, pampu inanyonya hewa au haipati mafuta. Kuna maji? Yatakaa chini kama shanga, hayachanganyiki. Kuna unga wa kahawia? Hiyo ni kutu ya tangi. Ukiifungua glasi kuisafisha, kagua gasketi yake. Ikiwa ngumu kama gamba, weka mpya, kwa sababu gasketi iliyokufa inaweza isivujishe tone nje na bado ikaingiza hewa. Kaza kwa vidole, si kwa koleo, glasi inapasuka.

Hapo hapo jaribu petroli yenyewe. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na tone la petroli unayoiamini pembeni. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya maana. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokaa. Tangu EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, uchakachuaji haukuwa tena kama ule wa zamani, lakini petroli ya kwenye dumu kando ya barabara haina wa kuisimamia.

Tatu ni tangi na bomba lake, na hapa ndipo ninapopashuku zaidi, mwalimu. Niseme kwa nini. Miaka mingi nyuma, nikiwa Morogoro, niliwahi kuhangaika na 109 kama yako kwa majuma mawili. Tambarare nzuri, mlima hapana. Nilifungua kabureta mara mbili, nikabadilisha pampu. Mwenye gari alikuwa mzee mpole, hakunifokea, na upole wake uliniuma kuliko matusi. Mwisho nikalishusha tangi, nikalimwaga kwenye beseni. Petroli ikaisha, na nyuma yake ikateleza nailoni nyembamba, ukubwa wa kiganja cha mtoto, ile ambayo watu huweka chini ya mfuniko wa dumu ili lisivuje. Ilianguka humo siku moja wakati wa kujaza. Injini ikivuta kidogo, nailoni inaelea zake. Ikivuta sana, inaburutwa mpaka kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea na kuuziba kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Injini ikizima, mvuto unakwisha, nailoni inaachia, petroli inapita. Dakika 20 zako zinanikumbusha nailoni ile. Kutu iliyomeguka, jani, au gundi ya kuzibia tangi iliyobanduka hufanya vivyo hivyo.

Kulijua hilo huhitaji kushusha tangi kwanza. Injini ikiwa baridi, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu, kinga kikopo, fungua mfuniko wa tangi, kisha puliza kuelekea tangi kwa pampu ya baiskeli. Usitumie kompresa, nguvu yake itapasua kitu. Mwenzako ategee sikio kwenye mdomo wa tangi. Anatakiwa asikie mbubujiko mwepesi bila wewe kukaza mkono. Kama mkono unakaza halafu ghafla unaachia, umesukuma kitu. Sasa panda Kitonga. Gari likipanda vizuri safari moja au mbili kisha ugonjwa ukarudi, uchafu uko ndani ya tangi na umerudi kwenye mdomo wa bomba. Hapo tangi lishushwe. Kwenye 109 ya boksi au pickup liko chini ya kiti cha upande wa kulia, na chini kuna nati ya kumwagia. Kwenye station wagon liko nyuma. Kama lako lina matangi mawili, una bahati: geuza koki utumie la pili upande mlima, utapata jibu bila kushika spana. Ila mtu asikudanganye mkalipeleka kuchomelewa kwa sababu tu limemwagwa. Mvuke unaobaki ndani ya tangi tupu hulipuka kuliko petroli yenyewe, na mafundi wameuawa nao.

Wakati bomba liko mkononi, lifuate lote kwa vidole mpaka kwenye tangi. Pale penye vipande vya mpira, ukunje. Mpira wenye nyufa hauvujishi petroli kwa sababu upande huo unanyonywa, bali unaingiza hewa. Badilisha wote, weka mpira wa petroli kweli, si wa maji, na klampu mpya. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kabureta.

Pampu sasa. Chomoa waya wa koili ili injini isiwake, chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, liingize kwenye chupa, piga starta. Kila injini ikizunguka mara mbili pampu inasukuma mara moja, na kila msukumo uwe mzito na usio na povu. Mapovu yanamaanisha hewa inaingia kabla ya pampu. Misukumo dhaifu inamaanisha dayaframu au valvu zimechoka. Nusa pia stiki ya oili. Ikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama, dayaframu ya pampu imetoboka na petroli inashuka kwenye injini. Usiliendeshe gari likiwa hivyo, oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi. Ile pampu ina mkono mdogo wa kujazia kwa vidole, na watu wengi wakiuona hauna uzito wanasema pampu imekufa. Mara nyingi kemu, shafti ya injini inayousukuma mkono wa pampu, imesimama pabaya tu. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena.

Joto nalo lipo. Mbuyuni jua linachoma, bomba la mafuta likipita karibu na ekzosi petroli hugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Lowesha kitambaa kwa maji, kifunike kwenye pampu na bomba. Gari likiwaka dakika mbili baadaye badala ya 20, sogeza bomba mbali na ekzosi. Maji usimwagie manifoldi (chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye injini), chuma kile kikiwa cha moto hupasuka.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa bisibisi. Zenith hii imetengenezwa kwa vipande vya aloi laini vinavyokaliana uso kwa uso, na ndani ya nyuso hizo ndimo zinamopita njia za petroli na hewa. Skrubu zikikazwa kwa nguvu, au upande mmoja kabla ya mwingine, kona zinavutwa chini na katikati panainuka. Hewa na petroli zinapita pasipo ruhusa. Hapo sailensa inapanda na kushuka, plagi zinakuwa nyeusi, petroli inanuka, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Ripea kiti haiponyi hilo, kwa sababu gasketi mpya inakaa juu ya uso uliopinda.

Mwambie fundi afungue mara ya nne, lakini safari hii aje na kioo kinene cha dirisha. Kila uso aulaze juu ya kioo na ajaribu kupitisha karatasi ya sigara kwenye kona na katikati. Ikipita, uso umepinda. Dawa ni msasa laini wa maji, namba 400, uliolazwa juu ya kioo hicho hicho. Atoe jeti (vijitundu vya shaba vinavyopima petroli), boya na mipira yote kwanza, kisha akisugue kipande kwa mzunguko wa namba nane, mkono mwepesi, mpaka mng'ao uwe mmoja uso mzima. Aoshe, apulize kila tundu. Aangalie pia pete ya mpira inayokaa kati ya kipande cha juu na bodi. Mara nyingi husahaulika, au imekuwa ngumu, au ya kwenye kiti ina unene usiofaa. Bila pete hiyo hakuna sailensa. Wakati wa kufunga, skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana kona, na mkono ukisikia zimekaa, basi.

Umuulize pia alisafisha jeti kwa kitu gani. Ikiwa alitumia waya, hilo ni jambo zito. Namba ya jeti inakaribiana na upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti ya 125 ni kama milimita 1.25. Waya ukiongeza milimita 0.05 tu, eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 8, na huwezi kuliona kwa macho. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo. Zilizochokonolewa abadilishe kwa zenye namba ile ile. Boya nalo alitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikichezacheza ndani, limetoboka na linazama, ndiyo sababu nyingine ya harufu.

Ukifika kurekebisha sailensa, iwekee huko huko juu unakoishi, injini ikiwa na joto na choki imezimwa. Ukifika mita 1,500 hewa imekuwa nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar es Salaam huko kwenu hutoa mafuta mengi kupita hewa iliyopo. Bana skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka injini ianze kutetemeka, kisha irudishe mpaka itulie.

Kabureta mpya sikukatazi milele. Lakini zinazouzwa madukani nyingi ni za kuiga, na nimezitoa kwenye boksi zikiwa zimepinda tayari. Zenith aliyokuachia mzee, ikinyooshwa, itazishinda. Anza na mfuniko, glasi na pampu ya baiskeli wikiendi hii kabla hujapakia vitunguu. Likikuzimia tena Kitonga, niandikie kitu kimoja kabla ya vyote: ulipousukuma mkono wa resi, petroli ilirushwa au haikurushwa.